Kidari cha kuku ndani ya shuka la proshuto, saa tatu usiku

Zamu yangu inaisha saa mbili usiku. Mpaka nibadilishe nguo, mpaka basi lije, mpaka nipande ngazi za ghorofa ya nne (lifti yetu iligoma tangu Pasaka na hakuna anayejali), ni saa tatu kasoro na miguu inawaka moto, manake kazi yenyewe ni ya kusimama kutwa, nahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee hapa Parma, kuwaosha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Muda huo usiniambie habari ya kukuna nazi. Hata kitunguu sitaki kumenya. Miezi yangu ya mwanzo huku nilikuwa nakula mkate na chai, kesho mkate na chai, keshokutwa mkate na chai na yai, mpaka siku moja nikajikuta nahema kwenye ngazi zilezile kama nimebeba mkungu wa ndizi kichwani, nikasema hapana, hapa ntatangulia mimi kabla ya hao wazee.

Ndo nikajifunza hiki kidari. Nikiweka picha kwenye status watu wananiuliza maswali mawili, kila mtu yaleyale: hiyo nyekundu juu ni nini, na chumvi unaweka saa ngapi. La pili jibu lake ni fupi, huweki. Ila ili uelewe kwa nini huweki inabidi nianze na la kwanza, na la kwanza lina hadithi ndefu kidogo, vumilia.

Mi ni wa Moshi. Kwetu nguruwe ni kitimoto, na kitimoto ni kaango linalochemka, ndizi, ndimu, pilipili, kachumbari, watu wamekaa wanasubiri. Nguruwe bila moto hayupo kwenye kichwa cha mtu yeyote ninayemjua. Sasa wiki yangu ya kwanza kazini wenzangu wakaleta sahani, vipande vya nyama vyekundu vyembamba mpaka ukikiinua kimoja unaona mwanga wa dirisha, pembeni kina utepe wa mafuta meupe. Nikauliza inaitwaje, wakaniambia prosciutto crudo (sisi tuiite proshuto tu), na hilo neno crudo ndo nilikuwa nimelisoma kwenye kitabu cha lugha siku mbili nyuma: mbichi. Nikasema asanteni sana nimeshiba. Nilikuwa na njaa ya kufa.

Aliyenielewesha si Mwitaliano, ni mwenzangu ninayeishi naye, dada wa Kitanga. Yeye nguruwe hali, ila siku namhadithia kwamba wanachukua paja zima, wanalipaka chumvi, wanalilaza kwenye baridi wiki kadhaa, wanaliosha, wanalitundika zaidi ya mwaka ndipo wanalikata, alinisikiliza mpaka mwisho halafu akasema, "Shoga, si ng'onda hiyo! Ng'onda ya nguruwe." Na kweli bwana. Samaki wa pwani anayepasuliwa, akatiwa chumvi, akaanikwa, anakaa miezi bila friji, kazi ni ileile moja: chumvi inavuta maji, na vijidudu bila maji haviwezi kufanya kitu. Mbichi ni jina tu. Nyama imeshapikwa na chumvi na muda.

Na ukishaiita ng'onda, mambo yote yanajipanga yenyewe. Nani anapika mchuzi wa ng'onda au wa papa mkavu akatia chumvi kabla hajaonja? Nani anakula ng'onda nusu kilo peke yake kama nyama choma? Kinakuwa kidogo kwenye chungu na kinaubeba mchuzi mzima. Proshuto ni hivohivo. Kwenye hii sahani kuku ndo nyama, proshuto ni kiungo.

Mi sikuyajua hayo mara ya kwanza. Nilimpaka kuku chumvi kama alivyonifundisha mama, vizuri kabisa, pande zote, na kiungo cha unga juu (nacho kina chumvi, soma nyuma ya pakiti), halafu ndo nikamvisha proshuto vipande vinne. Ile ilikuwa si chakula, ilikuwa bahari. Nilikunywa maji usiku kucha.

Kuna bibi mmoja pale kazini, ujana wake alifanya kazi kule Langhirano, mji mdogo kusini ya Parma ukielekea milimani, ndo makao makuu ya hii biashara. Akiwa mchangamfu ananihadithia. Anasema vyumba vya kutundikia vina madirisha marefu membamba, na kufungua dirisha ilikuwa akili, unaangalia upepo wa milima ya Apenini leo ukoje, mkavu au una unyevu, ndo unaamua. Ule upande wa paja usio na ngozi wanausiliba kwa mafuta ya nguruwe yaliyochanganywa na unga, kama unavyosiliba ukuta, usikauke haraka ukapasuka. Ila ninachokipenda zaidi ni sindano. Mwishoni anakuja mkaguzi na sindano ya mfupa wa mguu wa farasi, anachoma paja, anachomoa, ananusa, anachoma pengine, ananusa, sehemu tano. Wanatumia mfupa wa farasi kwa sababu unashika harufu mara moja na unaiacha mara moja, kwahiyo tundu hili halimdanganyi kuhusu tundu lile. Paja likifaulu linapigwa muhuri wa moto wa taji lenye ncha tano. Na humo ndani kiungo ni chumvi tu, sheria yao hairuhusu dawa yoyote ya kuhifadhi.

Sasa siku nimemwambia huyo bibi kwamba mi proshuto naitia kwenye oveni, aliniangalia kama nimemimina maji kwenye mbege ya watu. Akanishika mkono. "Binti, ile nzuri haipikwi." Akaona nimenywea, akanionea huruma, akasema kama lazima basi nunua ile changa, ya bei ya chini, ile iliyokaa muda mrefu ukiiweka kwenye moto umeiua. Nilijaribu zote mbili kwa ukaidi wangu na yuko sahihi: ile ya miezi 24 ikiungua inakuwa ngumu, chumvi yake inakuwa kali, na ile harufu tamu uliyoilipia hela inapotelea hewani. Ya pakiti ya bei nafuu inafanya kazi vizuri kuliko hiyo. Ukienda kaunta unachukua namba, ukiitwa unaomba kwa etto, etto moja ni gramu 100, inatoka vipande sita saba hivi, inatosha watu watatu. Mi mara ya kwanza niliomba nusu kilo. Muuzaji akaanza kukata, akakata, akakata, foleni nyuma yangu ikanyamaza, nikaona bei inavyopanda kwenye mzani na sikuwa na ubavu wa kusema acha.

Haya kuku.

Hapa dukani unakuta kidari peke yake kwenye trei, kimevuliwa ngozi, kimetolewa mfupa, kimelala pale kama hakijawahi kuwa na mwenyewe. Hakuna kichwa, hakuna miguu, hakuna firigisi. Ni nyama safi kwa mtu anayetaka kula vizuri, gramu 100 za kidari kibichi zina protini gramu kama 22 na mafuta kidogo sana, gramu mbili hivi. Lakini huo usafi ndo ugonjwa wake. Nyama isiyo na mafuta haikusamehe. Ikipita moto kidogo tu nyuzi zake zinajikaza, zinakamua maji yote nje, na unakula kamba. Kuku wetu wa kienyeji ukimsahau jikoni nusu saa anazidi kuwa mtamu, kidari cha broila ukikisahau dakika tano umepoteza.

Shuka la proshuto linafanya kazi mbili hapo. Ule utepe wake wa mafuta unayeyuka polepole ukamlainisha kuku asiye na mafuta, na lenyewe linachukua moto wa mwanzo kwa niaba yake, linakauka na kukakamaa nje huku ndani bado ni laini.

Nikifika nyumbani kabla sijavua koti nawasha oveni nyuzi 200. Halafu nakata kidari kimoja kikubwa kiwe viwili kwa unene wake, kisu kikienda kimelala sambamba na ubao. Naviweka katikati ya mfuko wa nailoni uliopasuliwa, navigonga na chupa ya mafuta, sio kwa hasira, taratibu, lengo ni viwe na unene mmoja, kama sentimita moja na nusu. Usiruke hii hatua. Kidari kwa umbile lake kina kichwa kinene na mkia mwembamba, ukikipika hivohivo mkia unakuwa kamba wakati kichwa bado kibichi.

Na hapana, sikioshi. Hii nimegombana nayo na mama kwa video kol mara nne. Mama anaamini kuku asiyeoshwa kwa ndimu na maji matatu ni kuku wa mtu mvivu. "Umemuosha?" "Mama huku tunakatazwa." "Nani anawakataza usafi?" Namweleza kwamba maji yanarusha vijidudu kwenye sinki, kwenye vyombo, kwenye nguo, kuna kimoja kinaitwa kampailobakta kinakaa sana kwenye kuku mbichi, Uingereza mwaka 2014 mamlaka ya chakula ilipiga kampeni nzima ya kuwaambia watu waache kuosha, na kinachokiua ni moto si maji. Mama ananyamaza kidogo halafu anasema, "Sawa. Ila ukija kwangu utaosha." Kwahiyo kwangu nakifuta tu kwa tishu za jikoni kikauke vizuri, hiyo ni muhimu, kikiwa na maji proshuto haishiki.

Kisha pilipili manga ya kutosha, kitunguu saumu kimoja nimekikwangua, ganda la limao limekunwa kidogo. Chumvi hakuna. Narudia tena, hakuna. Natandika vipande viwili vya proshuto kwenye ubao, kimoja kimepanda kidogo juu ya mwenzake, katikati naweka majani mawili matatu ya salvia, hilo ni jani lao la kijivujivu lenye harufu nzito, ninalo kwenye kopo dirishani, linakua bila kuombwa. Warumi wana chakula chao saltimbocca, maana yake "ruka mdomoni", nyama ya ndama na proshuto na hilo jani, mi wazo nimeliiba huko. Kidari juu, nafunga huku na huku kama mtoto kwenye kanga, navigeuza upande wa maungio uwe chini. Wengine wanachoma vijiti vya meno. Haina haja, proshuto ikiwa nyembamba inajigandisha yenyewe.

Kikaango, mafuta ya zeituni kijiko kimoja, moto wa wastani. Maungio chini kwanza, dakika mbili au tatu bila kugusagusa, igandane, halafu geuza dakika mbili. Ile sauti na ile harufu, jirani yangu wa chini lazima anateseka. Kisha kikaango chote ndani ya oveni dakika nane mpaka kumi (kiwe na mkono wa chuma, mi niliyeyusha wa plastiki, moshi wake siusahau). Kama unacho kipimajoto cha nyama choma katikati, nyuzi 74 umemaliza. Kama huna, kata kimoja uangalie, maji yatoke meupe na nyama isiwe na wekundu ndani, usione aibu, hakuna mgeni hapo. Toa, acha kikae dakika tano. Usile hapohapo hata kama njaa inakuua, ukikata mapema utomvu wote unamwagika kwenye sahani.

Zile dakika za oveni ndo nafanya mboga. Kuna majani hapa yanaitwa bietole, nilivyoyaona sokoni nilitaka kulia, manake ni ileile tunayoiita spinachi masoko ya kwetu, jani pana na ubavu mweupe mnene. Nachemsha dakika tatu, nakamua, nakaanga na saumu kwenye mafuta kidogo, limao, basi, na zenyewe chumvi sitii, nayeyusha kale ka chumvi kalikobaki kwenye kikaango cha kuku kwa maji vijiko viwili namwagia juu. Nusu ya sahani iwe majani. Wanga nikitaka napika polenta ya haraka, dakika tano iko tayari, ni ugali wa mahindi ya njano uliolegea, ndugu yetu kabisa ila hajafundishwa kusimama. Nikiibakisha inaganda, kesho yake naikata naichoma.

Sasa kuhusu hilo neno "healthy" ambalo nyie kwenye komenti mnalipenda, mi sitawadanganya. Kuku ni salama, majani ni salama, proshuto ina maneno yake. Ina chumvi nyingi, gramu 4 mpaka 6 hivi kwa kila gramu 100. Vipande vyangu viwili ni kama gramu 30, hapo nimeshakula gramu moja na nusu ya chumvi, na WHO, Shirika la Afya Duniani, wanataka mtu mzima asivuke gramu 5 kwa siku nzima, mkate na jibini na supu zote humohumo. Na mwaka 2015 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya hao WHO, iliweka nyama za kusindikwa kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani, paja la nguruwe la chumvi kama hii proshuto, bekoni, soseji, zote. Wakasema kila gramu 50 mtu anazokula kila siku zinapandisha hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Watu wakatangaza eti bekoni ni sawa na sigara. Hapana, kundi linaonyesha wana uhakika kiasi gani kwamba kitu kinasababisha, halipimi kinaua kiasi gani. Lakini kitu ndo hicho, kiko pale, na mi ninayewahudumia watu wa miaka 85 sijifanyi sijakisoma. Ninachofanya ni kukila mara moja kwa wiki, siku zile za zamu ya jioni, vipande viwili basi. Yule mtu aliyeniandikia kwamba amekula hii siku tisa mfululizo kwa sababu ni dayati, dada angu, pumzika.

Na mwenzangu wa Tanga? Huwa tunapika pamoja na yeye hakosi. Kwake tunatumia bresaola, hiyo ni nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa chumvi, asili yake Valtellina huko juu karibu na Uswisi, na bucha la halali analonunulia nyama wanayo iliyochinjwa inavyotakiwa. Ubao wake, kikaango chake, kisu chake, na chake kinatangulia oveni. Tofauti ni kwamba bresaola haina ule utepe wa mafuta, ni kavu tupu, ukiivisha hivohivo inakuwa ngozi ya ngoma. Kwahiyo yeye anaipaka mafuta ya zeituni pande zote kabla ya kufunga, na ndani anampaka kuku mtindi kidogo na bizari nyembamba na pilipili mbichi iliyopondwa. Salvia hataki, anasema inanuka dawa ya kikohozi. Na ntasema ukweli hapa hadharani, chake mara nyingine kinashinda changu.

Desemba iliyopita nilienda nyumbani, si unajua Wachagga na Desemba, barabara nzima inapanda mlima. Nikajitapa nitawapikia. Proshuto sikubeba, nikanunua bekoni Arusha, na oveni hatuna. Bekoni ni mtu mwingine jamani: ni mbichi kweli, ina moshi, ina mafuta mengi, na iko nene, kwahiyo kila kipande nilikivuta kwa mgongo wa kisu mpaka kikawa chembamba, na kwenye sufuria nilianza moto mdogo bila tone la mafuta mpaka ikatoa yake, mengi nikayamwaga. Halafu mfuniko, makaa machache chini, makaa mengi juu kama unapalia wali, dakika 20. Vidari nilinunua vya broila hukohuko Arusha vimegandishwa kwenye boksi, na ndiyo, niliviosha kwa ndimu, mama alikuwa amesimama nyuma yangu mikono kiunoni. Vikatoka vyekundu vinang'aa, nikapanga na mchicha na ndizi za kuchemsha, nikampelekea baba wa kwanza.

Baba alikula kimyakimya mpaka akamaliza. Akapangusa mdomo. Akaangalia sahani, akaigeuza kidogo, akainua ndizi akaangalia chini yake.

"Tamu mama. Sasa firigisi iko wapi?"

Nikamwambia baba, hawa kuku wamekuja bila firigisi. Akaniangalia. "Kuku gani hana firigisi?" Mama akacheka mpaka akashika ukuta, na mdogo wangu akatumwa bandani na tochi kukamata jogoo.